Pua ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na kikohozi cha adabu. Hakikuwa ugonjwa, kilikuwa hodi yake. Akitoka kwenye migomba kurudi nyumbani, hatua kama ishirini kabla ya kufika kwenye kona ya jiko, alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu, halafu akapunguza mwendo. Maana yake ilikuwa moja tu: mkwe, kama uko njiani, pisha. Nami nilipisha. Niliacha ufagio au sufuria, nikaingia jikoni au nikazunguka nyuma ya zizi, nikasubiri mpaka mabuti yake ya mpira yapite.

Mimi ni mtu wa Singida. Nililetwa Rungwe na barua ya ajira, nije kufanya kazi maabara, na nilipofika nilidhani nitakaa miaka miwili niombe uhamisho, maana sikuwahi kuona mahali ambapo nguo zinaanikwa Jumatatu zikakauka Alhamisi. Badala yake nikaolewa na mwalimu wa huku, kitinda mimba wa familia moja ya Masoko, nikajengewa nyumba ndogo kwenye uwanja wa wazazi wake. Wakati ananichumbia hakuniambia habari za kupishana. Alisema tu kwamba baba yake ni mzee wa kanisa, mpole, na hapendi makelele.

Aliyenifundisha ni mama mkwe, wiki yangu ya kwanza pale, tukimenya ndizi. Mke wa mtoto hasimami mbele ya baba mkwe. Haketi naye chumba kimoja, hamtaji jina, hampi kitu mkono kwa mkono. Na baba mkwe naye amefungwa vilevile: hamtazami mkwe usoni, haingii jikoni mkwe akiwemo, na akija lazima ajitangaze. Nilimuuliza kama haya bado yanafuatwa, kwa sababu pale Tukuyu mjini nilishaona mzee na mkwe wake wanakula chipsi kutoka sahani moja bila kuvunjika mfupa hata mmoja. Akasema wa mjini ni wa mjini. Mzee wake hakuacha, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumwachisha.

Mwanzoni nilikasirika, sifichi. Mchana kutwa mimi ndiye ninayewaambia madaktari mgonjwa wao ana nini, halafu jioni narudi nyumbani kujificha nyuma ya jiko kwa sababu mtu amekohoa. Nilimwambia mume wangu kwamba sikuolewa na yeye, nimeolewa na kikohozi. Alicheka sana na hakunisaidia kitu. Baadaye nikazoea, na baada ya kuzoea nikagundua kuwa nimepumzika. Wenzangu kazini wana wakwe wanaofungua masufuria kuona kilichopikwa. Wangu hakuwahi hata siku moja kuniuliza kwa nini nimechelewa kurudi. Akipata maparachichi mazuri aliyaweka juu ya jiwe karibu na mlango wa jiko, akakohoa, akaenda zake. Nikitaka kushukuru nilimwambia mama mkwe, naye akafikisha shukrani. Tuliishi hivyo miaka sita kwenye uwanja mmoja. Nilimjua kwa mabuti, kwa mgongo wa koti lake la kijivu, na kwa kikohozi. Uso wake ningeulizwa nisingeweza kuueleza.

Ndiyo maana yaliyofuata nayasimulia kwa aibu. Mwezi wa nne mvua ya kwetu hainyeshi, inahamia. Ukungu ulikuwa unashuka mpaka kwenye mlango, na kikohozi cha mzee kikaanza kuongezeka. Kutoka mara mbili kikawa mara tatu, mara nne, kisha kikaanza kusikika hata asubuhi kabla sijawasha moto. Na mimi, mtu wa maabara mwenye cheti ukutani, nilifanya nini? Nilipisha. Kila alipokohoa niliingia jikoni. Kuna Jumamosi moja nilipisha mpaka nikachoka, nikanung'unika moyoni kwamba leo mzee anazunguka kama mkaguzi wa shule. Hakuwa anazunguka popote. Alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma ya nyumba, anaumwa.

Siku ya tano mama mkwe alikuja dirishani kwangu akaniambia baba yako anatetemeka, na anaongea na kaka yake. Kaka yake alishafariki zamani. Mume wangu alikuwa shuleni kwake Kyela, kwa hiyo tulimpeleka sisi hospitali, kwa gari ya jirani. Mimi nilikaa mbele na dereva, yeye nyuma ameegemea bega la mkewe, na njia nzima sikugeuka kumtazama. Kuna wakati dereva alinitupia jicho kama anauliza huyu ni mgonjwa wa nani. Nilitazama mbele, nikasikiliza jinsi anavyohema, na kwa mara ya kwanza nikakisikia kile kikohozi kwa masikio ya kazi. Kilikuwa kizito na kina maji ndani yake. Sijui kwa siku ngapi kilikuwa hivyo.

Hospitali ninayofanyia kazi sitaitaja. Daktari wa wodi ya wanaume alikuwa dada mmoja wa Bukoba, mdogo kwangu kwa umri, anayeongea haraka na kuandika mwandiko unaosomeka. Picha ya kifua ilionyesha nimonia, pafu la kulia limejaa nusu nzima. Hiyo peke yake isingetusumbua sana. Tatizo ni kwamba miezi miwili nyuma mzee alilazwa wiki tatu kwenye hospitali nyingine kwa kidonda cha mguu, maana ana kisukari, na kule alichomwa sindano nyingi. Mtu aliyetoka kulazwa hivyo karibuni anaweza kuwa amerudi na mzigo: vimelea sugu, vile ambavyo dawa za kawaida havizijali. Daktari hakutaka kubahatisha. Akampa dawa ya kawaida ya nimonia, na juu yake akaongeza vankomaisini, dripu inayoingia polepole, kwa ajili ya aina moja tu ya kimelea, ile sugu, endapo ndiyo iliyomo kifuani.

Vankomaisini ni dawa nzuri yenye mkono mzito. Inaweza kuumiza figo, na figo za mzee zilishachoshwa na sukari. Siku ya tatu nilipima damu yake mwenyewe nikaona kipimo cha figo kimepanda. Nikadhani ni mashine. Nikarudia, jibu likawa lilelile. Nilimpelekea daktari karatasi, akaisoma amesimama, kisha akakaa chini.

Alinieleza kama mfanyakazi mwenzake, si kama ndugu wa mgonjwa, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Tukiisimamisha dawa hii na kumbe kimelea sugu kipo, pafu litamuua. Tukiendelea nayo na kumbe hakipo, tunaziua figo bure. Nilijua maana ya figo kufa. Ni kusafishwa damu Mbeya mara tatu kwa wiki mpaka mwisho wa maisha, mzee ambaye akikaa siku mbili bila kugusa migomba yake anaanza kugombana na kuku. Nilijua asingekubali. Angerudi Masoko, akae kwenye benchi lake, basi.

Kilichohitajika ni kujua kama kimelea kile kipo au hakipo. Makohozi yangetuambia, lakini mzee hakutoa makohozi. Mtu aliyekohoa miaka sita kwa ajili yangu, alipopewa kikopo alitema mate. Daktari akasema basi tuulize pua.

Nieleze kidogo, maana hata nyumbani ilinibidi nieleze mara nyingi. Kimelea hiki sugu kina tabia ya kupanga chumba puani kabla ya kushuka kwingine. Ukipitisha pamba ndani ya tundu za pua, ukaotesha ulichopata, na kimelea kisionekane, basi uwezekano kwamba ndicho kinacholeta ile nimonia ni mdogo sana, na daktari anaweza kuiondoa dawa kali bila wasiwasi. Lakini kikionekana hakithibitishi kitu, kwa sababu watu wengi wanatembea nacho puani na ni wazima kabisa. Kwa hiyo pua ni shahidi wa upande mmoja. Ikisema hapana unaiamini, ikisema ndiyo unaendelea kuuliza. Sisi tulikuwa tunaiomba ile hapana.

Mkuu wangu wa maabara alikuwa Mbeya kwenye mafunzo, na pamba za pua pale kwetu huchukuliwa na watu wa maabara. Daktari akaniambia niende nikachukue. Nikamwambia yule ni baba mkwe wangu. Akasema vizuri, basi hatakusumbua. Ikabidi nimweleze yote, kupisha na kukohoa na maparachichi juu ya jiwe, naye akasikiliza kalamu iko hewani. Mwishoni akajitolea kuchukua yeye mwenyewe, dakika moja tu. Ningekubali hapohapo haya yote yangekuwa mafupi.

Sikukubali, kwa sababu nilijiona mjanja. Nilishasoma, na nilishafundishwa, kwamba mgonjwa mwenye akili zake anaweza kujipitishia pamba mwenyewe na jibu likawa sahihi vilevile, ilimradi ameelekezwa vizuri. Homa ilikuwa imeshuka, mzee anaongea na watu walio hai sasa. Nikaona nimepata njia ambayo adabu haivunjiki na kazi inafanyika. Nilisimama nje ya pazia, mama mkwe ndani, nikatoa maelekezo naye akayageuza Kinyakyusa neno kwa neno. Ingiza ncha ya pamba kiasi cha ukucha wa kidole gumba. Zungusha mara tano ukigusa ukuta wa pua. Upande wa pili, kijiti hichohicho. Kirudishe kwenye kichupa chake, funga. Mama mkwe akatoa kichwa nje ya pazia akasema mzee anaomba muda kidogo wa kujiandaa. Nikasema achukue muda wake, nikarudi maabara nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Baada ya robo saa kichupa kikaja, kimefutwa nje mpaka kinang'aa. Pamba ilikuwa nyeupe. Hata hilo lilinifurahisha, nikawaza mzee msafi yule. Nikapaka kwenye sahani mbili, moja yenye damu ambayo kila kimelea huipenda, nyingine yenye chumvi ambayo wachache tu huiweza, nikaziweka kwenye joto, nikaenda nyumbani kupika.

Kesho yake asubuhi nilifungua nikaona sahani zote mbili ziko kama nilivyoziacha. Ile ya chumvi sikuishangaa. Ya damu ndiyo iliyonisimamisha. Nimeotesha pua za watu wengi, wazima kwa wagonjwa, na sijawahi kukutana na pua tupu. Pua ya binadamu ni nyumba ya kupanga, haikosi wapangaji wake wa kawaida, wadogo weupe, wasio na madhara. Hii haikuwa na hata mmoja. Niliizungusha sahani kwenye mwanga wa dirisha nikitafuta hata doa, na wakati bado naizungusha, daktari akafika dirishani.

Kipimo cha figo cha asubuhi kilikuwa kimepanda tena. Alikuwa na faili mkononi na kalamu imeshafunguliwa. Nilimwona alivyokuwa anataka kusikia neno moja, na mimi nilitaka kulisema kuliko yeye. Lingekuwa la kweli hata kwenye karatasi. Kimelea sugu hakijaota. Nani angenilaumu?

"Haijaota," nikasema.

"Basi nasimamisha dawa."

Alishaanza kuandika. Nilitazama ile sahani safi, nikaona mbele yangu figo zikipona, na nyuma yake nikaona pafu.

"Usisimamishe, daktari," nikasema. "Haijaota chochote, hata vile vya kawaida. Hiyo haikuwa pua. Sijui ilikuwa nini, lakini siwezi kukupa jibu lake."

Akaniuliza kama si hizi dawa anazopewa zimevisafisha. Nikamwambia dawa ya mshipani haifagii pua hivyo, kuna mtu amefagia. Akafuta alichoandika, akasema atapunguza dozi na kuisogeza mbele kadiri anavyoweza, lakini kesho asubuhi lazima apate kitu cha kumwongoza. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia.

Nilimkuta mama mkwe kwenye veranda ya wodi, ameshika kikombe cha maji ya moto kwa pembe ya khanga. Nikamuuliza jana mzee alijiandaaje. Akanieleza kwa fahari kabisa, kama mtu anayeeleza alivyoandaa meza ya mchungaji. Walianza na maji ya moto na sabuni ya dawa. Kisha akasokota pembe ya khanga, akailowesha kwa ile dawa ya kutakasa mikono iliyotundikwa mlangoni mwa wodi, na mzee akajisugua ndani ya pua mpaka machozi yakamtoka. Mara tatu kila upande. Ndipo akapitisha pamba yangu.

"Na haya maji?" nikauliza.

"Ya leo. Asubuhi amesema tumsafishe tena, huenda ukataka nyingine." Akanitazama akaona uso wangu haufurahi. "Mwanangu, angekupelekea makamasi? Wewe ni mkwe."

Hasira ilinipanda, kisha ikakosa pa kukaa. Nilitamani kucheka, nikatamani kulia, nikaishia kuchukua kile kikombe na kumwaga maji kwenye maua. Mzee mwenye nimonia, anayehema kwa shida, alijichoma pua kwa spiriti ili mkwe wake asione uchafu wake. Sijawahi kuheshimiwa hivyo na mtu yeyote. Na heshima hiyo ilikuwa inamuua, na aliyeipisha njia ni mimi, kwa sababu sikutaka kupita upande wa pili wa pazia.

Nilimweleza mama mkwe kwa nini pua inatakiwa chafu. Alielewa haraka, akaingia ndani. Nilisikia Kinyakyusa cha chini chini, cha kwake kirefu, cha mzee kifupi. Akatoka akasema amekataa. Nikapendekeza daktari ndiye achukue pamba. Akarudi ndani, akatoka tena. Mzee ameuliza, daktari akichukua ataipeleka wapi? Kwa nani? Nani ataifungua aitazame? Maabara nzima wiki ile ilikuwa mimi.

Basi nikasogeza pazia nikaingia.

Sikwenda karibu. Nilichuchumaa miguuni pa kitanda, macho kwenye sakafu, nikamwamkia. Aligeukia ukuta. Nilimwona sikio na shavu, na nywele nyeupe fupi ambazo siku zote zilikuwa chini ya kofia. Mama mkwe alisimama nyuma yangu.

"Baba," nikasema, "mimi kazi yangu ni uchafu. Ndiyo niliyosomea, ndiyo iliyonileta huku. Ukinipa pua safi siwezi kukusaidia. Hizi dripu zinaumiza figo zako, na daktari haziachi mpaka nimwambie hakuna mdudu, na mdudu siwezi kumtafuta mahali palipooshwa. Naomba unipe kama ilivyo. Sitaona vibaya. Nitaona vibaya ukifa."

Maneno ya mwisho sikuwa nimeyapanga. Yalitoka, yakakaa pale chumbani. Mzee akavuta pumzi. Kisha akakohoa.

Miguu yangu haikusubiri akili. Nilishasimama, nimeshageuka, mkono uko kwenye pazia.

"Kaa," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno. "Hicho ni cha ugonjwa."

Nikarudi nikachuchumaa. Nilikuwa nalia na sikutaka kufuta macho, nisije nikaonekana. Akakaa kitandani taratibu, mgongo kwangu, akanyoosha mkono nyuma kiganja kikiwa wazi. Nilitazama kile kiganja kwa muda, kipana, kimepasuka kwa jembe. Nikachana karatasi ya kijiti kipya, nikakiweka mkononi mwake, mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

Nilimhesabia. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Upande wa pili, moja mpaka tano. Nilimwambia asiogope kugusa ukuta wa pua, akagusa. Kisha akakirudisha kwenye kichupa, akakifunga, akaninyooshea vilevile bila kugeuka. Pamba haikuwa nyeupe.

"Ndaga, baba," nikasema, nikimshukuru kwa lugha yake.

"Ndaga fijo," akajibu, akiutazama ukuta.

Tangu ajioshe ilikuwa imepita siku nzima, na asubuhi ile maji yalikuwa yameishia kwenye maua, kwa hiyo niliamini wapangaji wameanza kurudi. Hata hivyo siku ile sikula vizuri. Mume wangu alipiga simu kutoka Kyela, akauliza hali, nikamwambia nimemhesabia baba yako mpaka tano. Akadhani nimechanganyikiwa kwa uchovu. Nikamwacha adhani hivyo.

Asubuhi nilifika maabara kabla ya mtu wa usafi. Niliivuta sahani ya damu kwanza. Walikuwepo, wadogo, weupe, wametapakaa kila mahali, wapangaji wa kawaida wa pua ya mzee wa kawaida. Sijawahi kufurahia vimelea kiasi hicho. Nikaifungua ile ya chumvi. Wachache wa kawaida walikuwa wamejikongoja hata huko, wakiwa wekundu kama wanavyokuwa kwenye sahani hiyo, lakini wa njano, yule tuliyekuwa tunamtafuta, hakuwemo. Niliitazama mbele na nyuma, nikapima vipimo vyote nilivyotakiwa kupima kwa kila kilichonitia shaka, nikaandika jibu.

Daktari alipofika dirishani sikumsubiri aulize.

"Hasi," nikamwambia. "Na safari hii ni pua ya kweli."

Aliiondoa vankomaisini asubuhi ileile, akamwachia dawa ya kawaida. Kwa siku mbili kipimo cha figo hakikupanda wala kushuka, nami nikawa natembea na kikaratasi cha kipimo hicho mfukoni. Siku ya tatu kikaanza kushuka. Pafu nalo lilifunguka polepole, na baada ya wiki mzee alikuwa anamuuliza kila anayepita kitandani kama mvua imeangusha migomba. Aliporuhusiwa alirudi Masoko kwa gari ya jirani yuleyule. Mimi nilikaa mbele na dereva.

Nyumbani mambo yakarudi mahali pake. Mama mkwe alisema ya hospitali yalikuwa ya hospitali, na mimi nilikubaliana naye. Chakula chake kilipita mikononi mwa mama. Jina lake sikulitaja. Kitu kimoja tu hakikurudi, nacho ilinichukua siku kadhaa kukitambua: uwanja ulikuwa kimya. Mzee alikuwa hakohoi.

Jumamosi moja jua lilikuwa limetoka, nilikuwa nafagia kwenye kona ya jiko, nikainua macho nikaona mabuti. Yalikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Hakuna aliyekuwa amejitangaza, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kupisha. Nilitazama ufagio, naye nadhani alitazama migomba.

"Nimeacha kukohoa," akasema kwa upande. "Nikikohoa utaniletea kile kijiti."

Nikacheka. Nilicheka mbele ya baba mkwe wangu, jambo ambalo wiki ya kwanza ya ndizi nilionywa nisithubutu, na jikoni nikamsikia mama mkwe akiangusha mfuniko. Mzee alisubiri nimalize. Hakusogea, na nikaelewa kwamba hajui apite vipi. Bila kile kikohozi hakuwa na njia ya kuniambia anakuja, wala mimi sikuwa na njia ya kujua kama amepona.

"Kohoa, baba," nikasema.

"Kwa nini?"

"Nisikie."

Akaweka ngumi mdomoni. Kisha akakohoa mara mbili. Nilisikiliza vyote viwili mpaka mwisho wake, jinsi nilivyotakiwa kusikiliza tangu mwezi wa nne. Vilikuwa vikavu.

"Vipi?" akauliza.

"Ni cha adabu, baba," nikasema, nikachukua ufagio wangu, nikampisha.